Barua kwa mwanangu: ukurasa mtupu wa albamu ya shangazi yako

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni pa studio, na mara ya pili nikiwa nimeketi barazani na mama yako. Unaniuliza nilijuaje kwamba wakati umefika wa kuacha kupiga picha kwa kujifurahisha na kuifanya iwe kazi ya kunilisha, kwa kuwa wewe huko Arusha unashinda na hesabu za watu siku tano, siku ya sita unazunguka na kamera, na sasa wako maharusi wa Tengeru waliokuomba uwapige kwa malipo. Nimeitafuta siku hiyo kichwani mwangu na sikuiona. Ninayoiona kila nikifumba macho ni siku nyingine, na nitakueleza hiyo.

Kamera yangu ya kwanza unaijua, ile Kodak ya sanduku iliyo juu ya kabati. Baba yangu mkubwa, yule wa reli, alinipa mwaka 1972 nikiwa na miaka 13. Mkanda mmoja ulitoa picha 8 tu, nami niliweza kukaa nao miezi mitatu. Haikuwa na kitu cha kurekebisha: unatafuta mahali penye jua la kutosha, unaibana kamera tumboni, unazuia pumzi, unabonyeza. Katika mkanda wa kwanza picha 3 nilizimaliza kwa kupiga Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi kabla mawingu hayajakifunika, nikiwa nimesimama kwenye kihamba, lile shamba la nyumbani kwa bibi yako, kule Old Moshi. Ziliporudi, mlima wa mita 5,895 ulikuwa kama punje ya chumvi iliyoanguka juu ya majani ya migomba. Mimi nilifurahi hata hivyo, nikazipeleka jikoni. Bibi yako alifuta mikono, akazitazama moja moja, akanirudishia, akasema, “Mlima upo kesho. Mtu ndiye hayupo.” Alikuwa amezaa watoto tisa na kuzika wawili, na hao wawili hakuwa na picha ya yeyote kati yao.

Neno hilo mmekua mkilisikia kwangu mpaka mkalichoka, lakini nitalirudia tena, kwa sababu ndilo lililonipeleka mjini mwaka 1979 kujifunza kazi katika studio iliyokuwa karibu na mnara wa saa. Huko nilijifunza kusafisha picha. Katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, unazamisha karatasi nyeupe kwenye sinia ya dawa, unaitikisa taratibu, na baada ya muda kidogo macho ya mtu yanatangulia kukutazama kabla uso wake haujakamilika. Nimeyaona hayo maelfu ya mara na sikuzoea. Vifaa vilikuwa adimu mno, maana mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983, kwa hiyo fundi wangu alihesabu karatasi kama mtu anayehesabu vidonge vya mgonjwa. Wateja wetu hawakuwa watu wa kutaka picha za mandhari. Walitaka pasipoti, nne kwa mara moja, na walivaa koti moja la studio lililoning’inia nyuma ya mlango, mkulima wa Kibosho na karani wa Majengo wote koti lilelile, nami nikilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo ili mbele likae vizuri. Koti hilo ndilo lililokusomesha, mama, wala si Kibo.

Sasa siku yenyewe. Umekuwa ukiuliza tangu utotoni kwa nini albamu ya shangazi yako ina ukurasa wenye pembe nne za kubandikia picha na katikati hamna kitu. Tulikuwa tukikujibu kwamba picha ilipotea. Haikupotea. Haikuwahi kuwapo.

Shangazi yako aliolewa Desemba 1984, na kwa kuwa kaka yake alikuwa mpiga picha, hakuna aliyefikiria kumwita mtu mwingine. Niliazima Yashica ya studio yenye kutumia mkanda wa milimita 35, nikaweka mkanda wa picha 36 nikiwa nahangaika mlangoni pa kanisa, watu wakiniita huku na huku. Nilipiga pete, nilipiga ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, nilimpiga babu yako amevaa suti ya kijivu akimkabidhi binti yake kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa mikono miwili, na alipomaliza aligeuka akanitazama mimi, si kamera. Namba juu ya kamera ilikuwa ikipanda kama kawaida. Nilichokosa kukitazama ni kile kipini cha upande wa kushoto cha kurudishia mkanda, ambacho kinapaswa kuzunguka kila unapovuta picha nyingine. Hakikuzunguka hata mara moja. Ulimi wa mkanda ulikuwa umechomoka kwenye kigurudumu cha kuupokea, na mimi nikapiga picha 36 juu ya mkanda uliotulia ndani ya kopo lake.

Usiku ule nilipoutoa kwenye dawa ulikuwa mwangavu kama kioo kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi aliuinua kwenye taa, akaniwekea kidole pembezoni, mahali namba za kiwandani zilipotokea vizuri kabisa. “Dawa haina kosa,” akasema, akatoka nje akaniacha peke yangu.

Kesho yake nilipanda Old Moshi kwa miguu. Babu yako alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema, “Basi utanipiga nyingine.” Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, mwanangu, kuliko hata mkanda wenyewe. Nilisema Jumamosi ijayo. Jumamosi hiyo kulikuwa na kipaimara, iliyofuata hapakuwa na mikanda, iliyofuata fundi aliumwa nami nikabaki dukani. Mimi niliyelelewa kwa neno la bibi yako nilimtendea baba yangu kana kwamba yeye ndiye mlima. Alifariki kabla ya Pasaka, na picha tuliyoweka juu ya jeneza ni ile ya kitambulisho, uliyoizoea pale sebuleni.

Kwa hiyo ukiniuliza ni lini ilikuwa kazi, nitakujibu kwamba ilikuwa kazi siku nilipoporomoka na ule mteremko wa Old Moshi, nikijua kwamba kuna kitu cha mtu mwingine kilichowekwa mikononi mwangu nami nimekipoteza. Mshahara wa kwanza nimeshausahau. Na bado, hapa najipinga mwenyewe, maana mtoto yule wa miaka 13 hakukosea kabisa. Watafiti wamepima barafu ya Kibo na kusema zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha, na wageni wanaoingia studio huganda mbele ya picha yangu ile ndogo ya mwaka 1972, wakiulizana theluji yote ile imekwenda wapi. Inaonekana hata mlima haupo kesho. Sijui ningemjibu nini bibi yako leo, lakini nadhani angesema picha hiyo ingekuwa bora zaidi kama ningemsimamisha mtu mbele yake.

Mambo ya baadaye unayajua: studio yetu wenyewe, kamera za dijitali, chumba cha giza kugeuka stoo ya mama yako, simu kumpa kila mtu kamera mfukoni. Wanaokuambia simu zimeua kazi hii hawajakaa kwangu Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani na kuja familia nzima wanataka picha moja iliyotulia wakiwa na mzee wao.

Mama yako anataka nikuandikie wazi kwamba usiache ajira. Mimi kalamu inanisukuma nikuandikie kinyume chake, na nimeshaandika sentensi hiyo nikaifuta, kwa sababu nikiisema utakuwa umeifanya kwa ajili yangu, na mzigo huu haubebwi kwa ajili ya baba. Sitasema.

Ila hiyo harusi ya Tengeru umeshaikubali, kwa hiyo nenda na betri mbili na kadi mbili, ifungue picha ya kwanza uitazame kabla hujapiga ya pili, na kabla ya kuwatafuta maharusi, uliza wazee wa familia wameketi wapi.

Baba yako