Jibu: Usiulazimishe mstari wa Henry upite kwenye sifuri

Usifanye hivyo. Umeandika kwamba utapima umumunyifu wa gesi ya ukaa katika maji yenye monoetanolamini (amini, kemikali inayonasa gesi hiyo), 30% kwa uzito, kwa shinikizo la kPa 200 hadi 600, kisha uchore mstari mmoja wa Henry (kanuni isemayo kwamba gesi humumunyika kwa kadiri ya shinikizo lake) unaoanzia sifuri. Mstari huo ndio ulioniharibia tasnifu.

Sisi tulifungua vali, mshale wa geji ukaporomoka kisha ukaanza kutambaa; tukaondoa shinikizo la mvuke wa maji, tukakokotoa moli zilizofyonzwa. Nukta zilikaa karibu kwenye mstari, ila ukiurefusha ulikata mhimili juu kidogo ya nusu moli ya gesi kwa kila moli ya amini. Mkuu wetu wa maabara, ambaye hadi leo sijui alikuwa anawahi wapi, akasema hiyo ni hitilafu ya geji na kwamba kanuni ya Henry huanzia sifuri, basi tuulazimishe. Kompyuta haina haya, ikatii.

Ile nusu moli ndiyo iliyokuwa kemia yenyewe! Molekuli mbili za amini hushika moja ya gesi ya ukaa na kufanya kabamati (chumvi ya amini na gesi hiyo), na kazi hiyo huwa imekwisha karibu yote shinikizo likiwa bado kPa chache tu. Maji matupu ya 25°C, chini ya angahewa moja ya gesi hiyo, huchukua takriban moli 0.034 kwa lita. Myeyusho wako una karibu moli 5 za amini kwa lita, kwa hiyo nusu yake ni 2.5. Modeli yetu ilitabiri kwamba kwenye kPa 10, ambako ndiko shinikizo la gesi ya ukaa katika moshi wa viwanda lilipo, myeyusho haufyonzi karibu chochote.

Tenganisha kumumunyika na kuungana kikemia. Tumia N2O (oksidi ya nitrasi), ambayo molekuli yake ina uzito wa 44 sawa na ya ukaa lakini haiungani na amini. Ipime katika maji matupu na katika myeyusho, kisha zidisha jibu la myeyusho kwa uwiano wa umumunyifu wa gesi ya ukaa kwa ule wa N2O katika maji, ambao kwenye 25°C ni karibu 1.4. Watu huiita gesi ya kuchekesha, na kwa hakika ilitucheka. Henry utakayempata hapo atahusu molekuli huru pekee. Zilizobaki, yaani zilizoungana na amini, waachie Kent na Eisenberg wa 1976, ambao modeli yao huzihesabu kwa vigezo vya msawazo.

Kuhusu kikorogeo ulichouliza, cha sumaku kinatosha.