Hewa ya Zuhura au anga la Zuhura?

Swali: Niliandika kuhusu chombo cha Kisovieti kilichopelekwa kwenye sayari ya Zuhura: "Venera 4 ilipotua ilipima hewa ya Zuhura." Mwenzangu aliyenipitishia jicho akafuta "hewa" akaweka "anga", eti hewa ni ile tu wanayovuta viumbe. Yuko sahihi?

Jibu: Hayuko, na hoja yake inaangushwa na jina ambalo bila shaka analitumia mwenyewe: hewa ukaa. Hakuna mtu wala mnyama anayeishi kwa kuivuta, na bado tunaiita hewa. Zuhura imejaa hiyohiyo, asilimia 96.5, inayobaki karibu yote ni nitrojeni.

Anga ni mahali. Ndege hupita angani, nyota huonekana angani. Ukiniambia chombo kilipima anga, nitauliza: upana wake au kimo chake? Hewa ni kitu chenyewe, huingia tunduni, hubanwa, huchujwa. Mwaka 1978 Wamarekani walipeleka Zuhura vyombo vya Pioneer Venus. Kile kikubwa kilipokuwa kikishuka mawinguni, tone la tindikali ya salfa liliziba tundu la kifaa chake cha kupambanua gesi, na hewa haikuingia sawasawa mpaka tundu lilipozibuka. Sasa jaribu: "anga halikuingia tunduni." Sikio linakataa.

Angahewa je? Hilo ni tabaka zima linaloizunguka sayari, nalo ni neno zuri mahali pake. Chombo hupita katika angahewa kikionja hewa.

Kosa lako liko kwingine, na mwenzako hakuliona: "ilipotua". Ukisema hivyo, tendo la kutua limekwisha, ndipo vipimo vikaanza. Sivyo ilivyokuwa. Tarehe 18 Oktoba 1967 Venera 4 ilishuka kwa parachuti, ikipima na kutuma majibu njiani, ikanyamaza ikiwa bado kilomita 25 hivi juu ya uso wa sayari. Kumbuka kutua ni pia kuushusha mzigo. Mzigo ungali kichwani, umetuliwaje? Iliyotua na kuendelea kusikika ni Venera 7, tarehe 15 Desemba 1970, iliyotuma ishara hafifu kwa dakika 23 katika joto la zaidi ya nyuzi 450 za Selsiasi.

Andika basi: "Venera 4 ilipokuwa ikishuka ilipima hewa ya Zuhura." "Ilipotua" iwekee Venera 7.