Sakafu ya banda la sungura huanza kuozea kingoni

Ukikuta sakafu ya banda la sungura imeoza, tazama imeanzia wapi. Ni nadra kuwa katikati. Huanzia kingoni, hasa kwenye ile pembe moja ambayo sungura mwenyewe ameichagua kuwa choo. Ndiyo maana mtu anapaka plaiwudi rangi mikono mitatu, juu inang'aa, na bado masika yakipita ubao umevimba na tabaka zake zinaachana kama kurasa za daftari lililolowa.

Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizobanwa kwa gundi. Kwa juu maji hupenya polepole, lakini ubavuni, pale msumeno ulipopita, nyuzi ziko wazi na zinafyonza. Na mkojo wa sungura si wa kawaida. Kalsiamu inayozidi mwilini mwake hutokea humo, hivyo ukikauka unaacha ukoko mweupe mgumu. Ukiachwa, unatoa amonia, ile harufu inayochoma macho. Wewe unaisikia unapoinama kufagia. Yeye analala nayo puani usiku kucha.

Kwa hiyo kazi ianze kingoni. Kata ubao, uweke mahali pake uone unavyokaa, kisha toboa matundu yote ya skrubu kabla hujafungua kopo la rangi. Tundu linalotobolewa baadaye ni njia mpya ya maji. Piga kingo msasa, changanya vumbi la mbao na gundi ya mbao isiyoogopa maji, uzibe kila pengo unaloliona kati ya tabaka. Mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta au vanishi ya poliurethani uwe mwepesi, umeongezwa tina kidogo (kile kimiminika cha kuzimulia rangi), ili ubao unywe. Mimi juu napaka mikono miwili au mitatu, kingo nazipaka mpaka ziache kunywa. Chini nako usipaache: ubao uliopakwa upande mmoja hupinda.

Hapa Dar, kwa unyevu huu wa pwani, rangi inaweza kuwa kavu kwa kidole kesho yake na bado haijakomaa. Ipe wiki kadhaa, zaidi kama ni msimu wa mvua. Ingiza pua ndani ya banda: ukisikia harufu ya tina, sungura asubiri.

Fundi anaweza kukushauri upake oili chafu, kwa kuwa ni rahisi na inafukuza mchwa. Kwenye nguzo za uzio sawa. Kwenye banda kataa, maana sungura hujilamba miguu siku nzima. Kataa pia lile kopo la rangi lililokaa stoo tangu enzi za babu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Sasa meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na lazima ayasage kwa kutafuna. Ubao ulionyooka hana pa kuushikia kwa meno, ukingoni anapo. Rangi peke yake hapo haidumu. Mimi nafunika ukingo wa mbele kwa engo ya alumini yenye umbo la L, na nyingine naiweka ndani, pale sakafu inapokutana na ukuta. Silikoni ya kuzibia maji inakaa chini ya engo, kamwe isiachwe wazi, kwa sababu ataing'oa aimeze, na tumbo la sungura likiziba ni hatari kweli. Ncha za engo zipigwe tupa, na vichwa vya skrubu vizame. Inua nyuma ya banda kidogo ili maji ya kuoshea yatokee mbele, na uhakikishe engo ya mbele haijasimama ikayazuia.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kuweka marumaru. Maji hayapiti, ni kweli, ila sungura anateleza, na nyayo zake hazina vifuniko vya ngozi nene kama za paka, ni manyoya tu. Sakafu ngumu tupu humtoa vidonda, na wavu wa waya vilevile. Hata juu ya ubao uliozibwa vizuri weka nyasi kavu nyingi, au mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Atautafuna, mwache.

Kwenye pembe yake ya choo weka beseni lenye nyasi, utapunguza nusu ya kazi. Ukoko mweupe umwagie siki, uache ulainike, ndipo usugue. Dawa ya klorini ya kufulia usiimwage juu ya mkojo, kwani ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu.

Kila kabla ya mvua dondosha maji kidogo ukingoni, pale engo inapoishia. Yakisimama tone, funga mlango wa banda uendelee na shughuli zako. Ubao ukibadilika rangi na kuwa mweusi, fungua engo, acha pakauke kabisa, upake tena.