Mume wangu alifungua kabati la mwenye nyumba

Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tumepanga Mikindani, Mombasa, na kwa muda sasa tunatafuta nyumba ya kununua. Juma lililopita dalali alitupeleka Tudor, kwa mama mmoja mtu mzima anayeishi na wajukuu wake. Mume wangu alifungua kabati la chumbani bila kuomba ruhusa, akapiga picha kila pembe, hata kitanda alichokuwa amelala mtoto. Mama mkwe, ambaye tulikwenda naye, alipitisha kidole ukutani, akanionyesha unga wa chokaa mbele ya mwenyewe na kusema kwamba tunataka kuuziwa ukuta unaoliwa. Jioni dalali alipiga simu kutuambia kwamba mama yule hatuuzii. Mume wangu anasema mteja ni mfalme, na asiyetaka nyumba yake ikaguliwe asiiuze. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Sasa tuna miadi Kibokoni, katika nyumba ambayo mwenyewe amefariki na inauzwa na watoto. Tufanyeje ili tusiwavunjie watu heshima, wala tusiuziwe mbuzi kwenye gunia?

Mwenye Haya, Mikindani

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile ambalo mumeo ana haki nalo, ili akiisoma safu hii asiitupe kabla ya kufika mwisho. Mtu anayekusudia kutoa akiba yake yote, na huenda na mkopo juu yake, ana haki ya kuikagua nyumba tangu msingi hadi mabati, na mwenye kuuza hana budi kuyavumilia macho ya wageni. Alipokosea ni kudhani kwamba haki hiyo inamfikisha kabatini. Kinachouzwa ni kuta, paa, mabomba na kiwanja. Nguo, matandiko na mtoto aliyelala ni maisha ya watu ambao bado hawajahama, na mnunuzi muungwana huyapita kana kwamba hakuyaona. Ikiwa kabati limejengewa ukutani na litabaki na nyumba, anauliza, "Mama, hili linabaki? Tunaweza kuliona ndani?" kisha anasubiri mwenyewe alifungue. Picha nazo zinaombewa ruhusa, na zikiruhusiwa ziwe za ufa, mita au dari, pasiwe na mtu wala kitu cha mtu ndani yake.

Kuhusu mama wa Tudor, ningemshauri mumeo aende mwenyewe kuomba radhi, alasiri, bila dalali na bila kutaja bei hata kidogo. Akienda kuomba radhi na papo hapo kuulizia nyumba, radhi yenyewe itaonekana ni biashara. Mama akikunjua uso na bado mnaipenda nyumba, dalali anaweza kurudi siku nyingine.

Mambo ya hodi, viatu na kusubiri ukaribishwe najua hukufunzwa na mimi, kwa hiyo sitakuchosha nayo. Chagueni tu wakati: si Ijumaa adhuhuri, si magharibi, na katika mwezi wa Ramadhani si saa ambazo watu wako jikoni kuandaa futari. Watoto wabaki nyumbani. Mkiletewa kahawa, inyweni. Kahawa haimfungi mtu kununua.

Jambo ambalo ningependa mlitilie maanani zaidi ni maji, kwa sababu hapo ndipo adabu na ukaguzi vinapoweza kwenda pamoja bila kugombana. Maji yetu ya mfereji yanatoka mbali, Mzima, Baricho na Marere, na kila mkaazi wa Mombasa anaujua mgao, hivyo hakuna mwenye nyumba atakayechukia akiulizwa maji huja siku gani na tangi linamtosha kwa muda gani. Ombeni kunawa mikono. Sabuni ikikataa kutoa povu na ulimi ukionja chumvi, mmekwisha kujua kwamba yale ni ya kisima, wala hamkumtuhumu mtu kwa lolote. Kisha ulizeni kwa upole kisima kiko wapi na shimo la choo liko wapi, kwa kuwa katika viwanja vyetu vidogo mawili hayo mara nyingi hukaribiana kuliko inavyofaa.

Unga ule wa chokaa nao, mama mkwe wako aliuona sawasawa. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini, unyevu huo huja na chumvi, na chumvi ikikauka huisukuma lipu hadi ikabanduka na kumomonyoka, hasa sehemu ya chini ya ukuta. Ni ugonjwa wa nyumba nyingi za pwani, nao una fundi wake na gharama yake. Badala ya kuonyeshana kidole, mngeuliza, "Ukuta huu ulipigwa lipu lini?" Mwenye nyumba asiyelaumiwa husema mengi, pengine angewaeleza mwenyewe upande unaovuja wakati wa masika na jina la fundi aliyeushughulikia. Ukuta uliopakwa rangi mpya nusu ya chini tu utazameni mara mbili, na mdomo ubaki umefungwa. Mkiridhika na mliyoyaona, ombeni siku ya pili ya kuja na fundi wa ujenzi na wa umeme, na mvua ikiwa imenyesha usiku wake, ndiyo bahati. Safari ya kwanza si ya nyundo wala ngazi.

Sasa mama mkwe. Usithubutu kumkanya wewe. Mwenye kusema naye ni mwanawe, nyumbani, kabla ya siku ya miadi. Wala simshauri amwache, kwa sababu mtu aliyekula chumvi nyingi ana jicho ambalo nyinyi hamna. Mpeni kazi inayomfaa: akae na wenyeji barazani au sebuleni, aulize hali, watoto na majirani. Katika mazungumzo hayo atajua mtaa una kelele kiasi gani, nani anachimba msingi nyuma ya nyumba, na kwa nini hasa inauzwa, mambo ambayo mumeo hatayapata kwa kamera. Aliyoyaona ukutani awaambie mkishapanda matatu. Na msinong'onezane kwa lugha ya nyumbani mkidhani hamsikiwi, maana Mombasa hii, iwe ni Kigiriama, Kikamba au Kigujarati, hakosekani mmoja anayeelewa. Msiisifu nyumba kupita kiasi vilevile. Dalali anasikiliza, naye hulipwa nyumba ikiuzwa.

Nyumba ya Kibokoni inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kabla ya kwenda, mwulizeni dalali kama marehemu ameacha mjane na kama yuko humo katika eda, yaani muda wa mjane wa Kiislamu kukaa ndani baada ya kufiwa, ambao ni miezi minne na siku kumi. Ikiwa yumo, subirini imalizike, au mridhike na sehemu ambazo watoto watawaonyesha; chumba chake msikiombe. Suala la mirathi msilifungue mbele yake. Mvute pembeni mtoto mkubwa, au bora zaidi mwachie wakili wenu aulize warithi ni akina nani, kama wote wamekubali kuuza, na kama mahakama imethibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, kwa sababu Sheria ya Mirathi hairuhusu nyumba wala ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya uthibitisho huo. Kwa familia za Kiislamu mafungu ya warithi mara nyingi huamuliwa na Mahakama ya Kadhi. Watoto wanne wakikuchekea na wa tano yuko Jeddah hana habari, hapo hakuna mauzo.

Swali moja mnaweza kuliuliza mlangoni kabisa bila kumuudhi mtu: nyumba inauzwa pamoja na kiwanja? Hapa kwetu nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida. Mtu anamiliki kuta na paa, na kiwanja ni cha familia nyingine au cha wakfu, ambao hulipwa kodi ya ardhi. Ikiwa ni hivyo, ombeni kuona stakabadhi za kodi hiyo, na mwenye ardhi ajulishwe mapema, kwa kuwa rejesta ya ardhi itawaonyesha yeye tu, na jina la anayewauzia nyumba halitakuwamo. Mkiwa ndani, msianze kuhesabu kuta mtakazobomoa. Kibokoni ni Mji wa Kale, eneo linalohifadhiwa, na mabadiliko ya jengo yanahitaji idhini; tena si vizuri watoto wa marehemu wasikie chumba cha baba yao kikivunjwa kabla hakijanunuliwa.

Bei isizungumzwe siku hiyo, na arubuni isitolewe barazani hata dalali akiapa kwamba kuna mteja mwingine njiani. Mapatano ya kuuziana ardhi ni lazima yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbele ya mashahidi, na kwa desturi malipo ya kwanza, ambayo huwa asilimia 10 ya bei, hutolewa baada ya sahihi hizo, kupitia kwa mawakili. Mkipiga hesabu kumbukeni ushuru wa stempu, ambao kwa nyumba ya mjini ni asilimia 4. Kuhusu dalali mwenyewe, patana naye leo, kabla hamjatoka Mikindani, kama anatoza chochote kwa kuwaonyesha nyumba, na umwulize kama amesajiliwa, kwa maana Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inamtaka awe amesajiliwa.