Richard J. Daley, meya wa Chicago kwa miaka 21: tunajibu maswali yenu

Alizaliwa kwenye familia ya wakubwa?

La. Baba yake alikuwa fundi bati, wa asili ya Ireland, na Daley alizaliwa mtoto wa pekee mwaka 1902 katika eneo la Bridgeport, kusini mwa jiji. Ujana wake aliupitisha akifanya kazi kwenye mazizi na machinjio ya Union Stock Yards na kusoma sheria usiku Chuo Kikuu cha DePaul. Shahada aliipata mwaka 1933, akiwa na miaka 31. Hakuhama Bridgeport hadi kufa, hata alipokuwa na uwezo wa kuishi popote.

Kichekesho ni kwamba huyu nguli wa Democrat aliingia bunge la jimbo la Illinois mwaka 1936 kwa kiti cha Republican. Mgombea wa chama hicho alifariki karibu na siku ya kura, watu wa Daley wakawaambia wapiga kura waandike jina lake kwa mkono, akashinda. Alipofika bungeni alihamia upande wa wenzake.

Nasikia sheria haimpi meya wa Chicago nguvu nyingi. Yeye alizitoa wapi?

Ni kweli. Jiji lina kata 50 na madiwani 50, na kwa maandishi baraza ndilo lenye meno. Baadhi ya waliomtangulia walikuwa wakata utepe tu. Daley alishika vyeo viwili kwa pamoja: uenyekiti wa Democrat wa Kaunti ya Cook, ambamo Chicago imo, tangu 1953, na umeya tangu Aprili 1955. Cheo cha kwanza ndicho kilichokipa nguvu cha pili, maana mwenyekiti ndiye aliyeamua nani asimamishwe na chama kugombea, kuanzia diwani hadi jaji.

Mtandao ulishuka hivi. Kila kata ilikuwa na bosi wake wa chama. Chini yake walikuwapo makapteni, mmoja kwa kila eneo la kupigia kura, na maeneo hayo yalizidi 3,000 jiji zima. Fikiria balozi wa nyumba kumi, ila huyu alikuwa na mamia ya wapiga kura na mshahara wa serikali: karani wa mahakama, mkaguzi wa majengo, mfagia barabara. Kazi yake halisi ilikuwa kujua nani taa ya mtaani kwake imezimika, nani pipa lake la taka limevunjika, nani mwanawe anatafuta kibarua. Kabla ya uchaguzi alimpa bosi wa kata makadirio: kura zetu kadhaa, zao kadhaa. Akikosea sana alikuwa matatani hata kama chama kimeshinda, kwa sababu ilionyesha hajui mitaa yake. Kura zikipungua, na mshahara unaondoka. Ajira za namna hiyo hukadiriwa kuwa kati ya 30,000 na 40,000.

Tena aliondoa uandaaji wa bajeti kwenye kamati ya baraza akauhamishia ofisini kwake. Madiwani wakawa wanaletewa chakula kilichokwisha iva.

Ni yeye aliyempa Kennedy urais 1960 kwa kura za wizi?

Piga hesabu. Kennedy alishinda Illinois kwa kura 8,858, na dosari Chicago zilikuwapo. Lakini alimaliza na kura 303 za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo humpata rais. Ondoa 27 za Illinois, zinabaki 276. Zilizotakiwa ni 269. Mwaka ule kilichomkosesha Daley usingizi zaidi kilikuwa kiti cha mwendesha mashtaka wa kaunti, kilichokuwa mikononi mwa hasimu wake Benjamin Adamowski, mtu mwenye uwezo wa kuwafikisha watu wa jiji kortini. Adamowski alishindwa.

Alijenga nini?

Uwanja wa ndege wa O'Hare ulikua chini yake. Barabara kuu na kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois ni za enzi hizo pia. Doa ni Robert Taylor Homes, nyumba za umma zilizokamilika 1962: majengo 28 ya ghorofa 16, fleti zaidi ya 4,400. Madiwani wa kata za Wazungu walikataa nyumba hizo kwao, hivyo zikarundikwa kwa Weusi kwenye Mtaa wa State. Ukomo wa gharama kwa kila fleti uliowekwa na serikali kuu ukasukuma majengo juu. Wakazi walifika takriban 27,000, na kama 20,000 walikuwa watoto. Lifti chache zikabeba mzigo huo mchana kutwa, zikawa zinakwama kila mara. Zote zimebomolewa.

Mwaka 1968 ulimmaliza?

Kura hazikumwacha: alishinda tena 1971 na 1975. Agosti 1968 polisi wake waliwapiga waandamanaji mbele ya kamera wakati wa mkutano mkuu wa Democrat, na ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Daniel Walker ikaziita ghasia hizo "fujo za polisi". Bili ililetwa 1972, mkutano mkuu wa Miami Beach ulipowatoa ukumbini wajumbe wake 59 kwa kuwa hawakuchaguliwa kwa kanuni mpya zilizotaka wanawake, vijana na Weusi. Kwa mtu ambaye ngome yake ni chama, hilo liliuma kuliko magazeti.

Mtandao ulikufaje, na mwanawe aliurithi?

Mwaka huohuo wa 1972, kesi ya wakili Michael Shakman ilizaa amri ya mahakama iliyokataza kufukuza watumishi kwa sababu za siasa. Ile fimbo ya kapteni ikavunjika. Daley alifariki kwa moyo Desemba 20, 1976. Mrithi wake, Michael Bilandic, aliangushwa na theluji ya Januari 1979: barabara hazikusafishwa, treni zikaruka vituo vya mitaa ya Weusi, na mwezi uliofuata Jane Byrne akamshinda kwenye mchujo wa chama.

Mwana, Richard M. Daley, alikuwa meya 1989 hadi 2011, muda mrefu kuliko baba. Uenyekiti wa chama hakuushika kamwe. Yeye alitegemea zaidi wachangiaji wakubwa wa kampeni.