Babu Yumo Katika Jalada Gani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nyaraka za Taifa

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu. Katika ukoo wetu tunasimuliwa kwamba baba wa babu yangu alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita ya Wajerumani na Waingereza. Alikaa huko muda mrefu, akarudi na kisahani cha bati chenye namba, akakuta njaa ya Mtunya imekwisha kuwamaliza wengi katika jamaa zake. Kisahani chenyewe kilipotea zamani. Nilikwenda katika ofisi moja ya kumbukumbu, nikatoa jina lake, nikajibiwa kwamba jina hilo halipo. Je, nikubali kwamba habari zake zimepotea?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Ndugu yangu wa Mpwapwa, usikubali upesi hivyo. Huenda jibu ulilopewa ni la kweli kabisa, ila swali lililopelekwa si lile ambalo nyaraka zinaweza kulijibu. Majalada ya serikali hayakupangwa kwa majina ya watu. Yalipangwa kwa kufuata ofisi iliyoyafungua na shughuli iliyokuwa ikiendeshwa, iwe kodi, kesi, barabara, vibarua, njaa au mifugo. Karani wa masijala hakuwa akiwaandikia wajukuu historia, alikuwa akitunza kazi ya siku ile. Kwa hiyo mtu wa kawaida huonekana katika karatasi hizo pale tu alipoigusa serikali, au serikali ilipomgusa yeye, na mtafutaji hana budi kujua mahali na mwaka wa kugusana huko kabla hajajaza fomu ya kuombea jalada.

Masimulizi ya ukoo wenu yamekwisha kukufanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Tazama kisahani kile cha bati. Waingereza walikuwa na kikosi kikubwa cha wapagazi, kilichoongozwa na Oscar Watkins, na wapagazi hao waliandikishwa kwa namba na kupewa visahani. Ndicho kikosi kilichotuachia jina la Kariakoo pale Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Kama babu yenu alirudi na kisahani hicho, basi mwisho wa safari yake alikuwa upande wa Waingereza, hata kama Wajerumani ndio waliomtoa nyumbani kwanza. Waingereza waliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, nayo Mpwapwa ikafuata mwezi uliofuata, na kabla ya hapo hawakuwa na namna ya kumwandikisha mtu wa kwenu. Mwisho wa vita nao unajulikana: Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, nchini Zambia.

Kisha mmetunza neno Mtunya, na hilo ni neno la thamani kubwa kuliko mnavyodhani. Wagogo wameipa jina hilo njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyowaangukia baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume, na mvua nazo zikakosekana. Pengine hamna tarehe ya kuzaliwa ya mzee huyo wala ya kufa kwake, lakini tayari mna kipindi cha miaka minne na sababu ya serikali kuandika habari za eneo lenu, na hiyo ni mali ambayo watafutaji wengi hawanayo.

Sasa nenda Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Huko kuna maelfu ya majalada ya utawala wa Wajerumani, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na kila anayefika hutamani kuyaanza hayo. Mimi nisingeanza nayo. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wa leo hulazimika kujifunza, na kisahani kinakuelekeza kwa Waingereza. Ukiyahitaji baadaye, kumbuka kwamba makarani wale waliandika majina kama walivyoyasikia, kwa hiyo Mpwapwa utaikuta kama "Mpapua", Kilosa kama "Kilossa" na Moshi kama "Moschi".

Omba kwanza kitabu cha wilaya. Maofisa wa Kiingereza, wale ambao wazee wetu waliwaita Bwana Shauri, walitunza katika kila wilaya kitabu kikubwa walichoandikia nasaba za watemi, mila, mipaka, mvua na njaa, na ofisa aliyehama alimwachia mwenzake aendelee. Ndiyo maana ni muhimu uwaulize wazee wako, kabla ya safari, jina la mtemi au jumbe aliyekuwa akitawala wakati ule na jina la kijiji kama lilivyotamkwa zamani, kwa kuwa mtemi ana nafasi kubwa zaidi ya kutajwa kuliko mpagazi wake. Baada ya hapo omba majalada ya miaka ya mwanzo ya 1920 yahusuyo chakula na madai ya mishahara. Baada ya vita kulikuwa na mabishano marefu kati ya watawala wa Afrika Mashariki na London kuhusu mishahara ya wapagazi ambayo haikuchukuliwa na wenyewe, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Nakala za barua za Tanganyika zilizopelekwa Uingereza zinaanzia mwaka huohuo wa 1916, na zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, chini ya alama CO 691.

Jalada likifika mezani, usilipekue kama gazeti. Kila karatasi ina namba kwenye kona, na mbele ya barua au pembeni mwake huwa kuna dokezo, yaani maneno mafupi ambayo ofisa mmoja alimwandikia mwingine, mara nyingi kwa penseli. Chini ya dokezo utaona herufi P.A., maana yake shauri limekwisha na jalada lirudi masijala, au B.U. pamoja na tarehe, maana yake jalada liletwe tena siku hiyo. Ifuate tarehe hiyo. Barua rasmi husema kilichoamuliwa, lakini dokezo ndilo linalokuonyesha nani alipinga na nani aliona aibu. Binafsi nimejifunza mengi zaidi katika mistari miwili ya penseli kuliko katika ripoti nzima iliyopigwa taipu.

Ni haki yako nikueleze wazi kwamba huenda jina lake usilipate. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba waliokufa wakilitumikia jeshi la Waingereza na hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ni watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000. Wengi wao ni wapagazi wa vita hii ya Afrika Mashariki. Ikiwa waliokufa hawakuandikwa, aliyerudi akiwa hai naye anaweza kuwa ameachwa. Lakini njia aliyopita, mzigo aliobebeshwa, ujira alioahidiwa na hali aliyoikuta nyumbani vinaweza kupatikana, na simulizi ya ukoo wenu ndiyo itakayomweka ndani ya habari hizo.

SWALI: Assalaam alaykum. Baada ya bibi yetu kufariki tumekuta ndani ya sanduku lake barua za herufi za Kiarabu. Jamaa zetu wa hapa wanaweza kuzitamka lakini wanasema hawaelewi lugha yake. Mwaka ulioandikwa ni 1314, na neno Pemba linaonekana mara kadhaa. Tuzifanyeje?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi. Ninaamini barua hizo ni za Kiswahili, kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne nyingi. Mtafuteni mzee anayekijua Kiswahili cha visiwani, akae pamoja na huyo anayezitamka herufi, wasome kwa sauti nanyi mkirekodi. Msomaji asikimbilie neno la kwanza linalomjia, kwa sababu katika mwandiko wa zamani alama ya irabu iitwayo kasra ilisimama mahali pa i na e, na ile iitwayo dhumma mahali pa u na o, hata "shoka" na "shuka" zikawa neno moja machoni. Na mara nyingi "mb" iliandikwa kwa herufi ya ba peke yake. Sentensi nzima ndiyo inayoamua.

Tazameni pia mwezi. Mwaka 1314 wa Hijria ulianza Juni 1896 na kwisha mwanzoni mwa Juni 1897. Ndani yake alifariki Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, Khalid bin Barghash akaingia kasri kujitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, Waingereza wakaipiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896, na Aprili 1897 ikatolewa amri iliyowapa watumwa wa Unguja na Pemba ruhusa ya kudai uhuru mahakamani, na wamiliki wao kudai fidia. Kama barua zinataja shamba la karafuu na watu wa kulihudumia, basi mwandishi na wale anaowataja huenda waliifikia mahakama. Kwa hiyo mnaweza kuzifuata habari zao katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, ambako zimo kumbukumbu za mahakama na za wakfu, pamoja na hati za Kiarabu zilizoingizwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Zungumzeni kwanza nyumbani, kwani mnaweza kuwakuta wazazi wenu wa zamani upande wa wamiliki, au upande wa waliomilikiwa, au pande zote mbili, na ni vyema jambo hilo likawakuta mkiwa pamoja.

Kuhusu karatasi zenyewe, msizigandishe kwa selotepu wala msizipeleke kuwekewa plastiki ya moto. Zikunjueni taratibu, mzipige picha mbele na nyuma, kisha kila moja iwekwe peke yake katika bahasha safi ya karatasi, mbali na jua na unyevu. Juu ya bahasha, si juu ya barua, andikeni kwa penseli aliyezikuta, sanduku lilikuwa la nani, na zilikuwa zimefungwa pamoja na nini.