Maswali ya Karakana: Sifuri ya mhimili wa nne iwekwe wapi?

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Mashine yangu ya milingi (ya kuchonga chuma) ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ina mihimili mitatu (X kulia-kushoto, Y mbele-nyuma, Z juu-chini), na nimeiongezea meza ya kuzungusha (mhimili A) iliyolala sambamba na X. Nachonga bonge la alumini la 60 × 60 mm pande zote nne, limeshikwa na chaki (kishikio) ya taya nne. Sifuri ya Y, yaani pale mashine inapoanzia kuhesabu, naiweka mara moja, katikati ya kipande. Z naigusa upya kila upande, kila mmoja na kumbukumbu yake ya sifuri kwenye mashine: G54, G55, G56, G57. Tundu ninalolitoboa nusu kutoka upande wa kwanza na nusu kutoka wa tatu linapishana kwa 0.24 mm. Je, meza ni mbovu?
*Msomaji, Gerezani, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu, kabla ya kuifungua meza, igawe hiyo 0.24 kwa mbili. Kipande chako kimekaa pembeni ya kitovu cha mzunguko kwa 0.12 mm, jambo la kawaida kabisa kwenye chaki ya taya nne. Wewe umeweka sifuri katikati ya kipande, ila meza haikijui kipande. Inazunguka kwenye kitovu chake. Kwenye A0 (meza ikiwa digrii 0) ulikuwa sawa. Ulipofika A180, katikati ya kipande ilihamia ng'ambo ya pili ya kitovu, ikapishana na sifuri yako kwa mara mbili ya kosa.

Kwa hiyo sifuri ya Y na ya Z ziwe kwenye kitovu cha mzunguko, kwa pande zote nne, ndani ya G54 moja. X iwe kwenye uso wa mwisho wa kipande. Kwenye programu ya kuchorea pia, asili ya kodineti (nukta ya sifuri) iwe juu ya mstari wa mzunguko, isiwe juu ya kipande.

Kwanza hakikisha meza imelala sawa na X: funga fimbo iliyosagwa vizuri, pitisha dayali geji (kipimo cha sindano) juu yake na ubavuni kwa urefu wa 200 mm. Sindano isihame zaidi ya 0.01 mm. Kisha funga kipande, nyoosha uso mmoja kwa geji ukitembeza Y, na hiyo ndiyo iwe A0.

Sasa tafuta kitovu kwa uso huohuo mmoja. Ugeuze ukuelekee wewe, uguse kwa kitafuta ukingo (kijiti cha kugusia kinachofungwa mahali pa zana), tuseme cha kipenyo cha 10 mm, na andika Y inayosomwa na mashine: −248.660. Zungusha 180°, gusa uso uleule ukiwa upande wa nyuma: −178.420. Mara zote mbili gusa kwenye X ileile, karibu na kimo cha kitovu. Hapo hata uso ukiinama kidogo, unagusa nukta ileile.

Wastani wake ni −213.540, na hiyo ndiyo Y ya G54. Nusu ya tofauti ni 35.120, toa nusu kipenyo cha kitafuta ukingo, 5, unabaki na 30.120, yaani umbali wa uso huo kutoka kitovuni. Ugeuze uangalie juu. Kama unapima zana moja moja, huku Z ya G54 ikiwa 0, gusisha ncha kwenye uso: mashine ikisoma −241.300, toa 30.120, na urefu wa zana hiyo unaouandika kwenye mashine (H) ni −271.420. Ukiweka pini ya 10 mm chini ya ncha, toa 10 nyingine. Hapa ndipo wengi wanateleza.

Ukimaliza kazi, venia (kipimo cha taya cha mkononi) itakwambia kosa liko wapi. Matundu yakipishana, ni Y. Bonge likitoka 60.10 pande zote mbili, Z yako iko juu kwa 0.05.

SWALI: Nilipandisha zana hadi Z35 kutoka kitovuni, nikazungusha bonge la 60 mm, na kona ikaigonga. Mbona uso uko 30 tu?
*Msomaji, Thika*

JIBU: Uso uko 30, lakini kona iko 42.43, kwa kuwa nusu ya ulalo wa mraba ni 30 × 1.414. Panda hadi Z50 angalau, na kama taya za chaki ziko njiani na zinachomoza kuliko kona, hesabu taya. Amri ya Z iandikwe mstari wake peke yake, A ifuate mstari wa chini. Zikiwa mstari mmoja zinaondoka pamoja. Na kabla ya kutoboa mbali na kitovu, funga breki ya meza (kwenye mashine za Haas amri ni M10, kufungua M11, mashine nyingine soma kitabu chake). Meza ikiyumba digrii 0.1 tu, kwenye nusu kipenyo cha 50 mm ncha imehama karibu 0.09 mm.